Kasuku Mzee Anapohamia Kwenu

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malezi ya watoto, mapishi, matumizi ya nyumbani na namna ya kuishi na wakwe. Mwezi huu mtuvumilie kidogo, maana tunataka kuzungumza juu ya ndege. Si kuku wala bata, bali kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Tena si kinda, bali kasuku mtu mzima aliyekwisha kulelewa na watu wengine, akaharibika tabia mikononi mwao, na sasa anatafutiwa nyumba.

Huenda dada mmoja akauliza, jambo hili linamhusu nini mama mwenye nyumba? Linamhusu sana. Aghalabu anayemleta ndege nyumbani ni mume au kijana mkubwa, naye husifiwa na wote jioni ile. Lakini atakayefagia maganda ya alizeti kila asubuhi, atakayesikia kelele za saa kumi na mbili, na atakayefunga kidole cha mtoto kilichong'atwa, ni mama. Kwa hiyo yafaa ajue anakubali nini kabla hajasema, "Haya, mleteni."

Sisi nyumbani kwetu Mombasa tunaye mmoja wa namna hiyo, na huu ni mwaka wa nne. Tunamwita Mzee, ingawa kwa kumtazama tu hakuna awezaye kusema kama ni Mzee au ni Bibi, kwa kuwa dume na jike wa kasuku hawa hufanana. Alikuwa wa mama mmoja mjane wa mtaani kwetu aliyekaa naye zaidi ya miaka ishirini. Mjane huyo alipofariki, ndege alihamishwa mara tatu katika mwaka mmoja. Kwanza aliwekwa stoo. Kisha akapelekwa kwa jamaa wenye wavulana waliomchokoza kwa kijiti. Mwisho alikaa kwa mtu mmoja aliyelifunika tundu lake kwa blanketi mchana kutwa, kwa sababu ya kelele. Alipofika kwetu, kifua chake kilikuwa kitupu kama cha kuku aliyenyonyolewa tayari kwa chungu, na mkono wowote uliolikaribia tundu ulitoka na damu.

Lakini kichwani alikuwa na manyoya yote, mazuri, yamepangika kama magamba ya samaki. Daktari wa mifugo alituonyesha jambo hilo siku ya kwanza, nasi tunawaonyesha ninyi, maana lina faida. Kasuku hawezi kukifikia kichwa chake mwenyewe kwa mdomo. Mwili ukiwa uchi na kichwa kimevaa, jua kwamba anajinyonyoa mwenyewe. Na kichwa nacho kikiwa na vipara, tafuta sababu nyingine: ugonjwa, au ndege mwenzake anayemnyonyoa.

Hebu tutazame basi kwa nini kiumbe ajichune hivyo.

Kasuku wa kijivu ni ndege wa msituni, na misitu yake inaanzia Afrika Magharibi, inapita Kongo, mpaka Uganda na pembe za magharibi ya Kenya na kaskazini-magharibi ya Tanzania. Aliyefika Entebbe au Kampala huenda amewaona wakipita juu ya miti jioni, wakipigiana miluzi. Huko hawalali mmoja mmoja. Hukusanyika kwa makumi, pengine kwa mamia, na mchana hutembea kwa makundi kutafuta matunda na kokwa. Kila mmoja huita, na mwenzake humjibu, "nipo hapa". Mchana wote huo mdomo una kazi ya kupasua, kumenya na kutafuna.

Tena ndege huyu ana akili. Mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa Marekani, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu katika duka la mjini Chicago, akamwita Alex, akamfundisha kwa miaka thelathini. Alex alijifunza kutaja vitu vingi, kutofautisha rangi na maumbo, na kuhesabu vitu vichache, si kwa kuiga tu bali kwa kuulizwa na kujibu. Alikufa mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 31. Wataalamu wengi wanalinganisha akili ya ndege hawa na ya mtoto mdogo. Sasa mchukue mtoto mdogo, mfungie peke yake stoo, mpe chakula cha aina moja, mnyime kazi na mtu wa kumjibu anapoita. Akianza kulia usiku na mchana, kuuma na kujikwaruza, utasema mtoto huyu ana roho mbaya?

Kabla hujasema ndiyo

Jambo la kwanza ni sheria. Kasuku wa kijivu amekwisha sana porini. Nchini Ghana, kwa mfano, utafiti ulionyesha kwamba zaidi ya sehemu tisa katika kumi zimetoweka tangu mwaka 1992, kwa sababu ya kukamatwa na kukatwa kwa miti mikubwa wanamozalia. Mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kumweka katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi, na tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imepigwa marufuku. Hapa Kenya, kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga bila kibali cha KWS ni kosa. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2009, na Uganda ina mamlaka yake. Mjane wa mtaani kwetu alikuwa na karatasi zake. Hata hivyo, kabla ya kumhamisha ndege tulikwenda kwanza kuuliza ofisini. Fanyeni hivyo. Ni asubuhi moja tu ya kupanga foleni.

Jambo la pili, msimnunue anayetembezwa barabarani au anayeuzwa kwa siri kwenye simu, hata kama moyo unawauma kumwona. Najua mtasema, "Tunamwokoa." Lakini fedha ile ndiyo inayomrudisha mtegaji msituni kukamata wengine, na katika wanaokamatwa wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Kumpokea ndege aliyeachwa yatima, au aliyenyang'anywa wakosaji na kukabidhiwa kwa kibali, ni jambo jingine kabisa. Wasomaji wetu walio Uingereza na Marekani wana njia iliyo rahisi zaidi: huko yapo makao yanayopokea kasuku waliochokwa na wenyewe, na mtu huweza kwenda kumtembelea ndege mara kadhaa kabla ya kupewa. Msione aibu kuuliza maswali mengi. Anaumaje? Anamchukia nani? Amekaa nyumba ngapi?

Na lile wazo la kufungua mlango wa tundu ili "awe huru", tafadhali liacheni. Ndege aliyelelewa ndani miaka ishirini hajui kutafuta chakula wala kumkimbia mwewe, na hapa pwani si msituni kwao.

Jambo la tatu ni umri. Kasuku wa kijivu aliyetunzwa vizuri huishi miaka arobaini, wengine hata sitini. Kinda huwa na macho ya rangi ya giza, na akipevuka macho hugeuka manjano hafifu. Baada ya hapo huwezi kujua kwa kutazama kama ana miaka minane au thelathini na minane. Anayekuambia "ni wa miaka kumi tu" pengine naye aliambiwa hivyo hivyo. Hesabu basi umri wako mwenyewe, halafu ongeza.

Majuma ya kwanza

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu ni kinyume. Mpe majuma kadhaa bila kumdai chochote.

Tulimweka Mzee katika pembe ya sebule, ukuta nyuma yake, ili asivamiwe kutoka pande zote. Tundu lilikuwa pana kiasi cha yeye kukunjua mabawa yote mawili bila kugusa nondo, nalo halikuwa la duara, maana tundu la duara halina pembe ya kujibanza anapoogopa. Jihadharini na matundu ya waya wa mabati unaobanduka: kasuku hutafuna, na madini yale huweza kumwua. Vijiti vya kutulia tulikata kwenye mpera, vinene na vyembamba, kwa sababu kijiti kimoja laini cha unene mmoja huwapa vidonda vya nyayo.

Kisha tukamwacha. Tulipita karibu tukisema neno la upole, tukadondosha karanga moja katika kibakuli, tukaenda zetu. Watoto waliambiwa wasimkazie macho. Mnyama anayewindwa huogopa sana macho mawili yaliyomlenga. Ukimtazama kwa upande hutulia upesi. Ilipita kama wiki tano kabla hajaichukua karanga kutoka vidoleni, na alipoichukua alirudi nyuma mbio kana kwamba ameiba.

Katika majuma hayo mpelekeni kwa daktari wa mifugo anayewajua ndege, hata kama mtasafiri. Kujinyonyoa si tabia tu. Ini likiwa bovu, wadudu wa ngozi, minyoo au virusi vinaweza kuanzisha. Tena kuna ugonjwa uitwao sitakosisi ambao ndege huweza kumwambukiza mtu, ukamletea homa na kikohozi kizito. Ndege apimwe, kinyesi kisafishwe kikiwa kibichi na siyo kufagiliwa kikavu kikapeperuka, na mikono ioshwe. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi ya kusafisha. Na nyumba yenye mtoto wa pumu ifikirie mara mbili, maana kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe kama poda kutoka manyoyani, na unga ule hauishi. Kumwogesha kwa maji ya kunyunyiza mara kadhaa kwa wiki hupunguza, lakini hauondoki wote.

Nunueni pia mizani ya jikoni. Ndege huficha ugonjwa mpaka siku ya mwisho, kwa kuwa porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa. Mizani haidanganyiki. Kasuku wa kijivu wengi huwa na gramu 400 hadi 500 hivi. Wetu alifika na 390, leo ana 440. Akipungua sehemu moja kwa kumi, msingoje.

Kuuma, kelele na manyoya

Watu husema kasuku aliuma ghafla. Si kweli, alisema, hatukusikia. Kabla ya kuuma, mboni za macho hupanuka na kusinyaa upesi upesi, manyoya ya shingoni husimama, mwili hukazana au huegemea nyuma. Ukiona hayo, rudi. Kila mara unapoheshimu onyo lile, anajifunza kwamba onyo linatosha, hana haja ya mdomo. Ukimlazimisha, anajifunza kwamba kinachosikilizwa ni damu tu.

Na akikwisha kuuma, usimpige, usimpulizie usoni, wala usipige kelele. Kumpiga ndege wa nusu kilo ni kumvunja. Na kelele zako anazifurahia. Kwake yeye ni kama ngoma imechezwa. Mweke chini kimya, ondoka, rudi baada ya dakika chache. Tulimfundisha kupanda kwenye kijiti kwanza, mkono baadaye: kijiti mbele ya miguu, neno "panda", akipanda mbegu moja ya alizeti. Dakika tano asubuhi na tano jioni. Alizeti ile tuliiondoa kabisa kwenye chakula cha kawaida ili iwe mshahara.

Kelele ni somo refu. Kasuku kupiga kelele alfajiri na magharibi ni haki yake, ndivyo wanavyoitana. Mwenye majirani wa ukuta mmoja alijue hilo. Lakini zile za mchana kutwa hufundishwa na watu. Ndege anapiga ukelele, mtu anatoka jikoni kumwambia "nyamaza!", na ndege amepata alichotaka: mtu ametoka jikoni. Sisi tulichagua mluzi mmoja mfupi. Akipiga mluzi tunamjibu kutoka popote tulipo, hata chooni. Akipiga ukelele hapana mtu anayejibu wala kuonekana, mpaka anyamaze hata kwa pumzi tatu, hapo ndipo mtu anaingia. Tunawaambia ukweli, wiki mbili za kwanza kelele ziliongezeka mpaka baba watoto akauliza kama kanisa lina chumba cha kupangisha. Ndivyo ilivyo, maana dawa iliyozoeleka inapokosa kufanya kazi, mgonjwa huongeza kipimo. Nyumba nzima lazima ikubaliane. Shangazi mmoja mwenye huruma anatosha kuharibu kazi ya mwezi.

Kuna na maneno. Miezi ya kwanza Mzee alikuwa akisema "Nyamaza wewe!" kwa sauti ya mwanamume tusiyemjua, tena kwa ukali uliomfanya mtoto wetu mdogo aache kijiko. Alikuwa na matusi mawili pia, ambayo hatutayaandika. Msicheke wala msikaripie. Vyote viwili ni malipo. Geuka, kaa kimya. Akisema neno jema, au akipiga mluzi, njoo na kipande cha papai. Matusi yamepungua sana, ingawa hayajafutika, nasi tunapokuwa na wageni wa ibada ya nyumbani tunamhamishia ukumbi wa nyuma.

Manyoya ndiyo yaliyochelewa kuliko yote. Kasuku mwenye kazi hana muda wa kujichuna, kwa hiyo tulimpa kazi. Hapa kwetu vitu hivyo ni bure: kumbi la nazi ambalo halijapuliziwa dawa, magunzi ya mahindi, kifuu chenye tundu ambamo tumeficha punje za mtama, makuti mabichi aliyoyachana siku nzima, boksi lisilo na wino lililokunjwa na karanga ndani. Chakula chake cha asubuhi hatukiweki kibakulini, hukitafuta. Jua la asubuhi hupewa nje, penye kivuli cha kukimbilia, kwa sababu jua lipitalo kwenye kioo halimfai, na kasuku hawa hupungukiwa kalsiamu mwilini hata wakaanguka kifafa. Na usiku hulala saa kumi hadi kumi na mbili, gizani, mbali na televisheni. Familia inayotazama habari na michezo sebuleni mpaka saa tano usiku, na ndege yuko hapo hapo, isishangae akiamka na hasira.

Baada ya miezi minane tuliona vinyoya laini vya kijivu kifuani, akavikata vyote katika siku mbili za harusi ya jirani, kwa sababu ya muziki. Vikaota tena. Leo kifua kimefunikwa, ila sehemu moja ya upana wa sarafu chini ya bawa haitaota kamwe. Mashina ya manyoya yaking'olewa mara nyingi hufa. Akina mama wanaotaka ndege wa picha wasichukue mzee wa namna hii.

Kumpenda mmoja na kumchukia mwingine

Hili huleta ugomvi wa kweli katika ndoa, kwa hiyo tulizungumze. Kasuku mtu mzima huchagua mtu mmoja na kumfanya mwenzi. Wa kwetu alimchagua mama mwenye nyumba, yaani mwandishi wenu, na baba watoto akawa mwizi. Akikaa karibu kwenye kochi, ndege anaruka kumshambulia. Akizungumza, ndege anapiga ukelele juu ya maneno yake.

Tiba ina sehemu mbili. Ya kwanza, mpendwa asimchezee ndege mgongoni, chini ya mabawa wala karibu na mkia. Kwetu ni kumbembeleza. Kwake ni uchumba. Mkune kichwani na shingoni tu. Usimwache pia aingie ndani ya maboksi, makabati au chini ya kochi, maana sehemu za giza humfanya afikirie kiota, na ndege mwenye kiota ni mkali. Ya pili, vitu vizuri vyote vitoke kwa yule anayechukiwa. Kwetu baba watoto ndiye pekee anayetoa kokwa la korosho lisilo na chumvi. Hamgusi, halazimishi, anapita, anatoa, anaendelea na gazeti lake. Ilichukua mwaka na miezi miwili. Hawajawa marafiki wa kukumbatiana, lakini wanasalimiana kwa mluzi.

Watoto wadogo wasiachwe naye peke yao, hata dakika moja. Mdomo uvunjao kokwa ngumu hauchagui kidole.

Chungu na moshi

Wengi wa ndege hawa hufika wamelishwa alizeti na karanga miaka yote. Ni kama kumlea mtoto kwa maandazi. Hukosa vitamini A, hunenepa ini, pua na koo huugua. Tena karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu wetu wa pwani huota kuvu lenye sumu, ile sumukuvu inayodhuru watu pia. Mpe mboga: sukuma wiki, mchicha, karoti, boga, kiazi kitamu kilichopikwa, pilipili hoho, hata pilipili kali, ambayo haimwashi. Kunde na maharage yaliyoiva vizuri, wali kidogo, embe, papai. Wazee hawakubali upesi. Usimtese kwa njaa eti atakula tu. Atakufa akiwa ameukodolea macho mchicha. Changanya kidogo kidogo, na ule mbele yake ukionyesha kufurahia. Mzee aliikubali karoti baada ya kuona kila mtu mezani anaipata isipokuwa yeye.

Yasiyofaa kabisa ni haya: parachichi, chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu na vyakula vya chumvi nyingi. Parachichi tulisisitize, kwa sababu katika nyumba zetu watoto hugawa kila wanachokula.

Na moshi. Mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika kuliko yetu. Vikaango vile visivyoshika chakula vikisahauliwa motoni hutoa hewa ambayo sisi hatuihisi, nayo huua ndege kwa dakika chache. Jiko la mkaa, udi, ubani, dawa za mbu za kuchoma na za kupuliza, vyote viwe mbali naye. Sisi tumerudi kwenye neti.

Mwaka wa pili binti wa yule mjane alikuja kutoka safari kututembelea. Tulikuwa tumekaa tunakunywa chai, na kutoka pembeni ikasikika sauti ya mwanamke mzee, taratibu, ikikohoa kidogo kwanza: "Karibu mwanangu. Umekula?" Binti aliweka kikombe chini. Hatukuwa tumemwambia, kwa kuwa sisi wenyewe hatukuwa na hakika sauti ile ilikuwa ya nani. Alikaa mbele ya tundu mpaka jua likazama, na ndege akasema tena mara mbili. Alipoondoka tulimwuliza kama anamtaka. Alifikiri kimya, akasema nyumba yake ya kupanga iko ghorofa ya nne na anasafiri kila mwezi; kumchukua kungekuwa kumhamisha mara ya tano. Huja kila Desemba.

Binti huyu alisema hapana, na tunaona alisema vema. Ikiwa nyumba ni finyu na majirani hawana subira, ikiwa hakuna mtu anayeshinda nyumbani, ikiwa mume hataki kabisa, au kuna mtoto anayebanwa na pumu, basi mama aseme hapana bila kujilaumu. Saidia kumtafutia ndege nyumba nyingine, au uliza ofisi ya wanyamapori. Kuhamishwa tena ndiko kunakowavunja hawa zaidi kuliko njaa.

Sisi tumeweka daftari lake pamoja na karatasi za kibali: uzito wa kila Jumamosi, vyakula, jina la dawa alizowahi kupewa, mluzi wake unavyopigwa, na maneno yasiyotakiwa kuchekewa. Tumehesabu umri wetu pia. Kijana wetu wa pili amekubali kumchukua siku hiyo itakapofika, kwa sharti kwamba tundu lisiwekwe chumbani kwake.